Tulikupa Mtu

Octave hakuwa mtu wa matembezi. Kwa miaka ishirini na minne aliyokaa Johannesburg alijua njia tatu tu: ya kutoka chumbani kwake Joubert Park hadi kwenye kibaraza cha Marshalltown alikoweka cherehani yake, ya kwenda kanisani, na ya kwenda kupanga foleni kwenye ofisi inayoongeza muda wa karatasi za wakimbizi. Mji wenyewe hakuwahi kuutazama. Aliupita tu, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya watu asiosalimiana nao. Kwa hiyo binti yake Murielle, alipomwambia kwamba amewawekea nafasi mbili kwenye safari ya Jumamosi, safari ya bei chee aliyoiona kwenye simu, kwenda kutembelea hekalu la Wabuddha nje ya mji, alikwisha kujiandaa kwa ugomvi. Octave aliuliza jambo moja tu. Hao watu wa hekalu, ni kweli wanachoma wafu wao?

Murielle akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anadhani ni kweli.

"Basi tutaenda," Octave akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Mke wake, Agnès, alikufa mwezi wa saba, baridi ikiwa kali kiasi cha watu wa ghorofa ile kuchoma mbao za viti. Wiki hiyo hiyo Octave mwenyewe alikuwa amelazwa, mapafu yamejaa maji, hajitambui. Alipotolewa hospitali alimkuta Murielle ameketi kitandani, na juu ya meza, mahali pa redio, kuna kopo la kijivu la plastiki lenye mfuniko wa kukaza na kikaratasi cha namba.

"Papa, huyu ni Mama," binti alisema.

Octave hakulia. Hakuuliza pia. Alilichukua kopo, akaliweka kabatini katikati ya vitenge vya marehemu, akafunga kwa ufunguo. Tangu siku ile baba na binti walizungumza juu ya mkate, umeme na lifti iliyokufa. Juu ya kopo hawakuzungumza.

Kalemie, kule Kongo alikotoka Octave, mtu hachomwi. Kinachochomwa ni takataka. Enzi za ujana wake mtu akifa turubai lilifungwa katikati ya barabara na magari yakatafuta njia nyingine. Wanawake walilala chini kwenye mikeka siku zote za matanga, hakuna aliyepika kwake peke yake, na wanaume waliketi nje na chai ya rangi wakisimulia mazuri na mabaya ya marehemu mpaka hata waliomchukia wakamlilia. Wazee wa upande wa mke ndio walioingia kwanza kuutazama uso, kwa sababu mwanamke, hata akimzalia mume watoto kumi, mwili wake ni wa kwao. Siku hizi wanasema hata huko kwenyewe turubai ni la kukodi na vilio vinatoka kwenye spika. Na Johannesburg je? Agnès alifunguliwa kundi la WhatsApp. Watu sitini waliweka picha ya mikono iliyokutanishwa, na siku ya tatu mmoja wao akatangaza humo humo kwamba anauza viatu.

Mwezi wa tisa Octave alijikaza akampigia simu Jacques, kaka mkubwa wa Agnès, aliyebaki Kalemie. Alimweleza yote bila kuficha, akaomba ruhusa ya kumrudisha dada yao katika hali aliyo nayo. Jacques alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Octave, sisi tulikupa mtu," alisema. "Sasa unataka kutuletea majivu. Wazee nitawaonyesha nini? Nitaosha uso gani?"

Akaongeza kwamba kaburi halichimbwi kwa ajili ya kopo, na kwamba akithubutu kulileta atabaki nalo nje ya geti. Kisha simu ikakatika, na Octave hakujua kama ni mtandao au ni shemeji.

Hilo hakumwambia Murielle. Angeanzia wapi? Msichana alizaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa lakini hajibu nacho, kazi yake ni kupokea simu za watu wenye hasira katika ofisi moja Braamfontein, na hajawahi kumwona mjomba hata mmoja. Octave alibaki na jambo lake. Alikuwa fundi cherehani aliyeacha shule darasa la sita na kujisomea mwenyewe, vitabu vya kuokota vibarazani, vingi havina majalada. Katika kimojawapo alisoma kwamba wako watu wa Asia ambao kwa maelfu ya miaka wamewachoma wafu wao kwa heshima zote. Alilifikiria neno hilo kwa wiki nyingi huku akikata suruali za watu. Watu wanaojua kuchoma, alijiambia, lazima watakuwa wanajua na kuweka.

Mwenye safari alikuwa Bakiri, Mtanzania wa Tanga, na kigari chake cheupe. Wiki hii hekalu, wiki ijayo mapango, wiki nyingine simba wa kufugwa; usafiri wake, chakula cha mtu na mwenyewe. Abiria walikuwa wanafunzi kutoka Braamfontein, Wakenya na Watanzania, pamoja na wasusi wawili wa Kikongo waliovaa kama wanaenda harusini, kwa ajili ya picha. Octave alipanda karibu na Park Station akiwa na koti lake la sufu na begi jeusi amelipakata kifuani.

"Mzee, hilo begi tuweke nyuma," Bakiri alisema.

"Litakaa na mimi."

"Lina nini, dhahabu?"

"Koti la mvua."

Bakiri alichungulia juu. Hapakuwa na wingu. "Nyinyi Wakongo," akasema, "hata mvua mnaishonea suti." Gari zima likacheka. Murielle alicheka pia, kisha akalitazama begi, kisha akamtazama baba yake, na kicheko chake kikaisha kabla ya cha wengine.

Waliacha nyuma robot ya mwisho ya mji, kama wanavyoziita taa za barabarani huko, wakapita vilima vya manjano vya mchanga wa migodi, wakaingia mashambani nyuma ya malori ya makaa ya mawe. Baada ya saa moja na zaidi mapaa ya rangi ya chungwa yalijitokeza juu ya nyasi, yamepinda pembeni, kama kitu kilichoshushwa pale kimakosa. Bakiri alisimamisha gari akatangaza kwamba hili ni hekalu la kale la miaka elfu. Octave alikwisha kuchukua kijikaratasi cha wageni na kukisoma chote.

"Lilianza kujengwa miaka ya tisini," alisema. "Koti langu hili lilikuwa limekwisha kushonwa."

"Basi jamani, atakayetaka cha kale apige picha na koti la mzee," Bakiri akajibu, na yeye mwenyewe akatandika mkeka wake kivulini mwa gari. Alikuwa Mwislamu wa kufuata mambo yake. Watu aliwaleta, lakini kwenye masanamu hakuingia.

Getini mlinzi alikuwa anakagua mifuko, maana nyama haikuruhusiwa ndani. Wanafunzi walinyang'anywa sambusa zao hadi watakapotoka. Alipofika kwa Octave alifungua zipu, akaona kopo, akauliza kwa Kizulu ni nini. Octave alisema neno moja la Kizulu, lile la dawa za waganga. Katika nchi ile neno hilo, likitoka kwa mzee mgeni mwenye ndevu zisizochanwa, halihitaji maelezo. Mlinzi aliondoa mkono wake haraka kama aliyegusa pasi, akampungia apite.

Ndani palikuwa na ua mpana wa mawe, ngazi, sanamu za askari wenye nyuso kali, na katika jumba la kati masanamu makubwa ya dhahabu yaliyoketi na macho nusu wazi. Ukutani kulikuwa na vijisanamu vidogo visivyohesabika. Wasusi walipeana simu, wakapiga picha wamefumba macho na kukutanisha mikono. Mwanafunzi mmoja alimwuliza mwenzake kama dini hii ina Mungu au haina, mwenzake akasema atatafuta kwenye simu. Octave alisimama kati yao na begi lake. Alitafuta kwa macho mahali pa wafu na hakupaona, na aibu ya kuuliza ilimshika, kwa sababu angeuliza nini mbele ya binti yake?

Ndipo alipowaona. Mwanamke alikuwa anafagia ngazi za ukumbi wa pembeni, mtu mzima, Mchina, kichwa kimenyolewa upara mtupu. Nyuma yake walipita wanaume wawili, nao wamenyolewa. Kisha mwanamke mwingine, vile vile. Octave alivihesabu vile vichwa. Kwao Kalemie, ukiona nyumba nzima imenyoa hakuna haja ya kuuliza: hapo pameondoka mtu mkubwa. Na mjane wa kiume hajinyoi mwenyewe. Husubiri mazishi yapite, shemeji zake waje na maji na wembe, ndipo msiba umtoke. Ndevu alizokuwa nazo Octave, ambazo Murielle alimwambia mara kwa mara azipunguze asiwatishe wateja, zilikuwa za mwezi wa saba.

Alivua kofia. Alipanda ngazi zile, akaushika mkono wa mwanamke kwa mikono yake miwili kama inavyofanywa, akainama.

"Poleni sana na msiba," alisema. "Mungu awape nguvu."

Mwanamke hakuondoa mkono. Alimwuliza Murielle kwa Kiingereza baba anasema nini. Murielle alikuwa amefika akihema, uso umemwiva kwa haya. Alimweleza, kisha akamgeukia baba yake, akasema hakuna aliyekufa hapa, hawa ni watawa, wananyoa tu, ndiyo desturi yao kila siku. Octave alitazama vile vichwa vyote, akaona upumbavu wake. Alitaka kurudi chini. Lakini mtawa alimwuliza kwa nini alidhani wamefiwa, na Octave, ambaye katika miezi minne hakuna mtu aliyemwuliza jambo lolote juu ya msiba, alijikuta anaeleza. Alieleza habari ya wembe na maji. Murielle alitafsiri kipande kwa kipande, na mengine ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia; lafudhi ya mtawa Octave hakuishika, kwa hiyo maswali Murielle aliyarudia kwa Kiingereza chao cha nyumbani.

"Anauliza," Murielle akasema, "mbona wewe hujanyolewa."

"Mwambie mke wangu hajazikwa."

Murielle alitafsiri hilo akiangalia chini. Mtawa aliuliza tena.

"Anauliza Mama yuko wapi."

Octave aliliweka begi kwenye ngazi, akafungua zipu mpaka mwisho. "Mwambie yuko hapa. Mwambie nimekuja naye. Namtafutia mahali."

Kazi ya Murielle ni kusema maneno ya watu wengine siku nzima bila kuyumba, lakini hayo hakuyasema. Aliketi ngazini kando ya begi akaweka kiganja juu ya mfuniko. Mtawa hakuhitaji tafsiri tena. Alichukua ufagio wake akasogea mbali kidogo, akawageuzia mgongo.

"Ulimleta hapa umwache," Murielle alisema kwa Kiingereza. "Kwa watu usiowajua."

Octave alimwambia, na sauti yake haikuwa nzuri, kwamba aliyemfanya Mama awe kitu cha kubebwa kwenye begi si yeye. Miezi minne alikuwa amelishikilia neno hilo mdomoni, na sasa lilipotoka halikumpa nafuu yoyote.

Murielle alijibu kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha mtoto wa miaka minane, kilichosimama pale alipoacha kukizungumza.

"Ni Mama alisema. Mimi hapana. Mama alisema anichome."

Kisha akamaliza kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili kilimwishia. Mama yake alipoona hatapona, na Papa yuko hospitali, alimwita kitandani. Akamwambia kwamba maiti ya kusafirishwa hadi Kalemie hawataiweza, hata wakichangiwa na Wakongo wote wa Johannesburg, na Wakongo wa siku hizi hawachangi. Lakini majivu yanaingia kwenye begi. Begi linapanda basi. Papa yako atanirudisha kwetu, alisema, ila usimwambie kabla, atakataa. Akishaniona nimekuwa hivyo hatakuwa na la kufanya, atanibeba.

"Nilisubiri umbebe," Murielle alisema. "Ukamfungia kabatini."

Octave aliketi. Ilikuwa Agnès kabisa, hiyo. Miaka yote ya ndoa alimfanyia hivyo hivyo: analitenda jambo kwanza, kisha anakuachia wewe ukubali. Ndivyo walivyotoka Kalemie, ndivyo walivyofika hapa. Safari hii tu alihesabu vibaya. Alikuwa amekaa ugenini muda mrefu mpaka akasahau watu wa kwao ni watu wa namna gani, au pengine alikumbuka, akadhani wamelainika.

Basi akamwambia binti yake habari ya simu. Alimrudia maneno ya Jacques kama yalivyokuwa, hakupunguza: tulikupa mtu, unatuletea majivu.

Murielle alifuta uso kwa mkono wa sweta. Akasema yeye atampeleka. Ataomba likizo, atapanda mabasi yote, atafika, atabisha hodi. Mjomba hawezi kumfukuza mtoto wa dada yake.

"Utabisha kwa nani?" Octave aliuliza. "Unajua nyumba? Unajua ukifika uanze kumsalimia nani, na upige magoti mbele ya nani? Watakuketisha katikati ya wazee, nawe utawasemesha Kiingereza. Watakuuliza wewe ni wa nani, na hutajua jibu."

Yalikuwa maneno ya kikatili na yalikuwa kweli. Na Octave alijua, hata alipokuwa anayasema, ni nani aliyepaswa kumfundisha jibu hilo katika miaka ishirini na mitatu na hakumfundisha, kwa sababu kila jioni alirudi kutoka kwenye cherehani amechoka na televisheni ilikuwa inamlea mtoto kwa Kiingereza kizuri. Yeye mwenyewe, baada ya simu ile, hakuweza kwenda. Karatasi yake ilimruhusu kukaa. Mwenye karatasi ile akirudi alikokimbia, harudi tena huku. Angefika Kalemie na kopo, akafungiwa geti, na mlango wa nyuma yake nao ungekuwa umefungwa.

Mtawa alirudi. Hakuuliza wameamua nini, aliwaashiria wamfuate.

Aliwapeleka kwenye chumba kirefu chenye rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu vyungu vidogo, kila kimoja na picha ya mtu. Mbele yao palikuwa na machungwa, vikombe vya chai na udi unaofuka. Mtawa alieleza, na Murielle alirudia kwa sauti ya chini, kwamba wengi wao walikuja kutoka Taiwan kufanya kazi viwandani, wakati ule viwanda vilipokuwa vingi sehemu hizi. Viwanda vikafungwa. Watoto wao walihamia Canada na Australia. Wengine huja mara moja kwa mwaka, wengine hawaji kabisa. Majina yao husomwa hata hivyo.

Octave alipita mbele ya picha zile polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua mshono. Wanaume waliovaa tai. Bibi mmoja amekunja uso kana kwamba mpiga picha alimkosea. Hawa nao walitoka kwao wakisema watarudi. Aliuliza kama itabidi Agnès abadilishwe dini. Mtawa alisema hapana. Aliuliza kama rozari yake inaweza kuwekwa. Inaweza. Aliuliza kama siku moja moja mtu anaweza kumwekea samaki, mgebuka wa kukaanga, maana mwanamke wa Kalemie bila mgebuka ni taabu. Mtawa alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba hapa, samaki hapana. Matunda. Chai.

"Miaka yote hiyo machungwa," Octave alisema. Alisimama kitambo mbele ya rafu. Wasusi walipita mlangoni wakicheka, wakachungulia, wakaondoka.

"Papa, si lazima," Murielle alisema.

"Kuna mahali pengine unapopajua?"

Hakuwa na pengine. Octave aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anavyomwitikia mteja aliyekataa kulipa zaidi.

Mtawa alileta kadi nyeupe na kalamu. Octave alimsogezea Murielle kalamu, naye ndiye aliyeandika. Aliandika Agnès, akaandika jina la kwenye karatasi za wakimbizi, akasimama.

"Endelea," Octave alisema. "Agnès Feza, binti Kitenge wa Mulolwa, aliyezaliwa na Mwavita wa Kalemie."

Murielle aliuliza Mulolwa ni nani. Ni babu wa mama yako, Octave alisema, na nchi nzima ile ya kando ya mto ilimwamkia. Murielle aliuliza linaandikwaje. Akalitaja herufi kwa herufi. Chini ya kadi palikuwa na mstari wa mtu atakayekuwa anakuja, na Octave alimwambia aweke jina lake Murielle peke yake, kwa kuwa mapafu yake yeye hayakuwa ya kutegemewa. Akaliandika bila kubisha.

Walimhamisha Agnès kutoka kwenye kopo hadi kwenye chungu kidogo cheupe, kazi aliyoifanya mtawa mwenyewe kwa mikono isiyo na haraka, na wakamweka kwenye rafu ya tatu, kati ya yule bibi mwenye kukunja uso na nafasi tupu. Picha wataileta. Mtawa alikutanisha viganja, akatamka maneno yake, akarudi nyuma akawaachia.

Kwa kina Octave kilio si kelele. Anayeomboleza hulitaja jina la marehemu na kumtuma kwa waliotangulia: ukifika, msalimie fulani, mwambie fulani tunaendelea. Kila akimaliza jina husita, na walioketi nyuma hujibu kwa pamoja kwa jina la ukoo, sauti moja nzito, ili marehemu ajue njia iko wapi. Bila jibu maombolezo hayasogei. Octave alisimama mbele ya rafu, koti limefungwa vifungo vyote, akaanza. Sauti ilitoka kavu. Alimwita Agnès Feza, akamtuma kwa Kitenge, kwa Mwavita, kwa mtoto wao wa kwanza aliyebaki njiani wakati wa vita. Kisha akasita, kama inavyotakiwa.

Hapakuwa na aliyejibu. Nje Bakiri alikuwa anapiga honi kukusanya watu wake. Octave alisubiri, macho kwenye chungu, mpaka mtawa akainua uso.

Murielle hakulijua jibu. Hakuwahi kuambiwa kwamba lipo. Lakini aliona baba yake anasubiri kitu, akasogea hadi begani mwake, akasema neno pekee alilokuwa nalo.

"Mama."

Halikuwa jibu lenyewe. Octave alivuta pumzi akaendelea nalo hivyo hivyo, jina la pili, akasita, naye binti akalisema tena.